Tunatibu magoti, tunasahau utumbo

Siku hizi ukiingia msikitini Lamu, uwe Mkomani au Langoni, utaona viti vya plastiki vimewekwa pembeni mwa safu. Ni vya wazee wasioweza tena kusujudu. Baadhi yao wana miaka 80, na hao hakuna wa kuwashangaa. Wengine hata 60 hawajafika. Ni wanaume waliobeba mawe ya matumbawe, waliopakua saruji na magunia ya unga kutoka kwenye majahazi, na leo wanashika ukuta kupanda ngazi za nyumba zao wenyewe. Kwa akina mama hali ni hiyo hiyo, ila wao hawaonekani. Mwenye goti bovu katika nyumba ya ghorofa ya mji wa kale hukaa huko huko juu, wiki ikaja ikapita hajagusa kichochoro.

Sababu tunazozitaja ni zile zile za siku zote: baridi, upepo wa kusi, umri, uzito, kazi ya kubeba. Nyingi zina ukweli wake. Goti lililobeba magunia miaka 30 limelika gegedu, na hakuna chakula kitakacholiotesha upya. Lakini ipo sehemu ya mwili ambayo hakuna anayeiulizia mzee anapolalamikia viungo, nayo ni utumbo, hasa bakteria wanaoishi ndani yake. Kwa miaka 15 hivi watafiti wamekuwa wakifuatilia uhusiano wa bakteria hao na mifupa, viungo na misuli, na waliyoyapata yanatuhusu. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba habari hizi zimeanza kutufikia kwa makopo ya vidonge na matangazo ya simu, na mambo mawili yaliyo mikononi mwetu wenyewe, yaani tunachokula na dawa tunazojinunulia, hayatajwi kabisa.

Tuanze na mfupa, kwa sababu watu wengi hudhani ukishakua umeshakua. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kwa mwaka, takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubadilishwa. Seli zinazobomoa huitwa osteoklasti, zinazojenga huitwa osteoblasti. Anayezijua nyumba zetu za mawe ataelewa mara moja: ukuta wa matumbawe hukaa mamia ya miaka iwapo fundi anayebandua chokaa iliyooza na fundi anayepaka mpya wanakwenda sambamba, na mmoja akimpita mwenzake, ukuta unaanza kumong'onyoka. Sasa osteoklasti ni za ukoo mmoja na seli za kinga ya mwili. Kinga ikichemka, wabomoaji huongezeka. Na sehemu kubwa ya seli za kinga imekaa kwenye ukuta wa utumbo, inakutana usiku na mchana na bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Walilinganisha panya wa kawaida na panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Wasio na bakteria ndio waliokutwa na mifupa mizito zaidi. Walipopandikiziwa bakteria, mifupa yao ikarudi kwenye kiwango cha wenzao. Mtu angeweza kukata shauri hapo kwamba bakteria ni adui wa mfupa. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kuwa mfupa hupungua pale mwanzo tu. Bakteria wakikaa kwa miezi, ujenzi wa mfupa nao huongezeka, kwa sababu huufanya mwili utoe zaidi homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe na subira. Yeyote anayekuambia kwa sentensi moja kwamba bakteria fulani hujenga mifupa, anaficha nusu ya habari.

Mwaka huo huo, kutoka Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, yalitoka matokeo ambayo ningependa kila mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi ayasikie. Panya wakiondolewa homoni za uzazi, hupoteza mfupa kama anavyopoteza mwanamke baada ya hedhi kukoma. Lakini panya wasio na bakteria hawakupoteza. Maelezo yake ni haya: estrojeni ikipungua, ukuta wa utumbo hulegea, vitu vya bakteria hupenya, kinga huamka, na seli za kubomoa mfupa hupewa kazi kupita kiasi. Tumezoea kuyaona mabadiliko ya umri huo kuwa ni ya nyonga na mgongo tu. Sehemu ya habari inaanzia kwenye utumbo.

Na upande wa pili wa jambo hili ndio wenye matumaini. Bakteria wa utumbo mpana hula kile ambacho sisi hatuwezi kukisaga: nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa, za kunde, za mboga za majani. Wakishakula, hutoa asidi ndogo ndogo za mafuta, mojawapo ikiwa butireti. Butireti huzilisha seli za ukuta wa utumbo, huutuliza ukali wa kinga, na katika utafiti uliotoka Erlangen, Ujerumani, mwaka 2018, ilionekana kwa panya kuwa asidi hizi huzizuia osteoklasti zisikomae, mfupa ukaongezeka. Baadhi ya bakteria pia hutengeneza vitamini K2, ambayo mwili huihitaji ili protini za mfupa ziweze kuishika kalisi. Nyuzinyuzi zikikosekana mezani, bakteria wenye kazi hiyo hupungua. Mwaka 2015 Wamarekani Weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Waliotoka kwenye nyama na mafuta wakaingia kwenye mahindi, maharage na mboga, butireti yao iliongezeka mara mbili na nusu. Wiki mbili!

Kuhusu viungo, mwaka 2013 watafiti wa New York waliwapima watu waliokuwa wameanza kuugua baridi yabisi ile ya kinga kushambulia viungo, kabla hawajaanza dawa. Kati yao, asilimia 75 walikutwa na bakteria aitwaye Prevotella copri, ilhali kwa watu wenye afya walikuwa kama asilimia 21. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini kwetu Afrika bakteria wa jamii ya Prevotella ni wengi kwa sababu tunakula nafaka na mboga. Wamekutwa tele kwa watoto wa vijijini Burkina Faso na kwa Wahadza wa Tanzania, na hao si watu wanaosifika kwa viungo vilivyovimba. Aina zake zinatofautiana, na mwenyeji wake anatofautiana. Kwa hiyo asije mtu Lamu na kipimo cha choo kilichotengenezwa kwa ajili ya New York akamwambia mama wa Kipungani kuwa ana bakteria wabaya.

Kuna uhusiano mmoja wa tumbo na viungo ambao hauna shaka na madaktari wanaufahamu tangu zamani. Mtu anaharisha kwa sababu ya bakteria kama Salmonela, Shigela au Kampilobakta, anapona, halafu kati ya wiki 1 na 4 goti au kifundo cha mguu kinavimba ghafla, pengine na macho yanakuwa mekundu. Mji wetu una vichochoro vyembamba, visima na vyoo vya shimo vimekaa karibu karibu, na kila msimu wa mvua watu wanaharisha. Kijana akienda zahanati na goti lililovimba, swali la kama aliharisha mwezi uliopita linastahili kuulizwa. Na lisipoulizwa, yeye mwenyewe alitaje.

Misuli nitaipitia haraka, kwa sababu ushahidi wake kwa binadamu bado ni mwembamba. Mwaka 2019 watafiti wa Singapore walionyesha kuwa panya wasio na bakteria wana misuli iliyonyauka, na kwamba wakipandikiziwa bakteria, au wakipewa zile asidi ndogo za mafuta, nguvu hurudi kwa kiasi. Mwaka huo huo Marekani bakteria aitwaye Veillonella, aliyepatikana kwa wakimbiaji wa mbio za Boston, aliwafanya panya wakimbie asilimia 13 zaidi. Ni habari za kusisimua. Lakini mwaka 2024 London, mapacha wenye zaidi ya miaka 60 walipewa unga wa nyuzinyuzi za kulisha bakteria kwa wiki 12, wote wakipewa pia protini na mazoezi, na uwezo wao wa kuinuka kitini haukutofautiana na wa wenzao waliopewa unga usio na kitu. Kwa hiyo mzee wa Matondoni anayetaka miguu iwe na nguvu aendelee kutembea, na wajukuu wasiwe na haraka ya kumwitia bodaboda kila anapotoka.

Sasa yale makopo. Hoja inayotumiwa kuyauza ina chanzo cha kweli. Mwaka 2018, huko huko Sweden, wanawake 90 wa miaka 75 hadi 80 wenye mifupa iliyopungua walipewa kwa mwaka mzima ama bakteria aitwaye Lactobacillus reuteri ama unga usio na kitu. Waliopewa bakteria walipoteza mfupa wa muundi kwa kiasi kama nusu ya wenzao. Ni matokeo mazuri, na ndiyo yanayotajwa. Yasiyotajwa ni ya mwaka 2024: bakteria huyo huyo alijaribiwa kwa wanawake 239 ambao hedhi ilikuwa imekoma si muda mrefu, kwa miaka miwili, na hakukuwa na tofauti yoyote. Mimi nasimama hapa: kwa ushahidi uliopo leo, mtu wa Lamu asitoe pesa ya chakula cha wiki kununua kopo la probayotiki, yaani bakteria wa kumeza, kwa ajili ya mifupa. Pesa hiyo iende sokoni.

Iende kwenye kitu gani? Angalia mkate wa mofa. Unga wa mtama unakandwa, donge linabandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo, makaa yakiwa chini, na likitoka lina ganda gumu na uzito wa nafaka nzima. Ni mkate wa kutafuna; ukiula na mchuzi wa samaki unashiba hadi jioni. Wanaouoka wamebaki wachache. Mahali pake pamechukuliwa na boflo, chapati na mahamri ya unga mweupe, na chai iliyojaa sukari, na katika Ramadhani meza nzima inakuwa ya vitu vya kukaanga. Sisemi mahamri yaachwe, maana mahamri yakiwekwa kando ya bakuli la mbaazi za nazi, mbaazi ndizo zinazowalisha bakteria. Ninachosema ni kwamba bakuli la mbaazi linazidi kuwa dogo na sahani ya mahamri inazidi kuwa kubwa. Kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele, simsim inayolimwa bara yetu, tende: vyote hivi vipo, tena vingi kwa bei ya chini kuliko soda na kuku wa kukaanga. Simsim na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalisi pia.

Atakayedhani nasukumwa na mapenzi ya mambo ya kale, ushahidi wa karibu kabisa na sisi umetoka Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya waligawanywa: waliozoea chakula cha asili cha kule, chenye ndizi, maharage, nafaka na mboga, wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, soseji, mkate mweupe na chipsi; waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha asili. Waliohamia soseji na chipsi, dalili za uvimbe, yaani za kinga iliyochemka, zilipanda katika damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, uvimbe ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilipewa mbege kwa wiki moja, na uvimbe ulishuka kwao pia. Mbege ni pombe, na kwa Muislamu mlango huo umefungwa. Lakini vitu vilivyochachuka visivyo pombe tunavyo, maziwa ya mgando yanayoletwa na wafugaji wa bara yakiwa ya kwanza. Utafiti ule haukupima mifupa, na siuongezei lisilokuwamo. Umepima uvimbe, ambao ndio unaoziamsha osteoklasti na kuchochea viungo vinavyouma. Na umepima watu wanaokula kama sisi.

Jambo la pili lililo mikononi mwetu ni duka la dawa. Asubuhi moja nilisimama kwenye foleni katika duka moja la Usita wa Mui. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja, buibui limepauka mabegani, mkono mmoja juu ya meza ya kioo ili kuupunguzia mguu uzito.

"Mwanangu, nipe zile zangu za magoti."

Kijana wa duka hakuuliza ni zipi. Akachomoa karatasi ya diklofenaki.

"Na za tumbo, bibi?"

"Nipe na za tumbo. Bila hizo sili kitu."

Ikaja omeprazoli. Akasema wiki hii tumbo linasokota na choo hakitulii, basi akaongezewa vidonge vya antibayotiki vichache, vimekatwa kwa mkasi, vikatiwa katika bahasha ya kaki. Akalipa, akamwombea kijana dua, akatoka.

Diklofenaki inaondoa maumivu kweli, lakini ikimezwa kwa miezi hukwaruza tumbo hadi vidonda. Kwa hiyo inaitiwa omeprazoli. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ni kizuizi cha vijidudu; ikipungua, bakteria wa mdomoni na wa vyakula hupita salama hadi utumboni, na mpangilio wa bakteria wa kule hubadilika. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa za jamii hiyo, zikitumiwa kwa mwaka au zaidi au kwa dozi kubwa, huenda zinahusiana na kuvunjika kwa nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo. Kisha juu ya hayo ikaja antibayotiki, ambayo haichagui: inaua wanaomharisha na inaua wanaomtengenezea butireti. Bibi yule alikwenda kwa ajili ya goti. Aliondoka na dawa tatu, na kila moja inaugusa utumbo wake.

Siwashutumu vijana wa maduka ya dawa. Hospitali ina foleni, bibi ana maumivu leo, na kijana wa duka ndiye anayemfikia kwanza. Lakini sheria inataka antibayotiki itoke kwa cheti cha daktari, na vidonge vitatu kwenye bahasha havitibu ugonjwa wowote. Diklofenaki ina njia nyingine kabla yake: ya kupaka gotini ipo, na haipiti tumboni kwa kiasi hicho. Omeprazoli nayo si ya kuachwa ghafla na mwenye vidonda kwa sababu amesoma makala hii; aende akaulize ni ya muda gani. Na nataka hili lieleweke vizuri: kiungo kilichovimba, chenye joto, kinachokakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, hasa vidole vya mikono yote miwili, si cha kutibiwa kwa mtama wala kwa mbaazi. Hicho ni cha hospitali, mapema, kwa sababu dawa za kuizuia kinga isile viungo zipo na hufanya kazi vizuri zikiwahi.

Lililobaki ni la watafiti na la kaunti. Mapema mwaka 2025 ilichapishwa ramani kubwa ya bakteria wa utumbo wa Waafrika, kutokana na wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Ni kazi ya kujivunia. Wakenya waliomo ni wa mitaa ya Nairobi. Mwanamke wa Faza anayekula samaki kila siku, wa Siyu, wa Hindi kule bara yetu, hayumo. Kilifi, kwenye barabara hii hii yetu, kipo kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza tangu mwaka 1989, ambacho kimejenga jina kwa malaria na afya ya watoto. Wataalamu wa kuchukua sampuli na kuzisoma wapo pwani hii. Ningependa Lamu iombe kwa maandishi wanawake wake wa miaka 50 na 60 wapimwe mifupa na bakteria kwa pamoja, na wakati huo huo kila kliniki ya wazee iongeze maswali matatu kwenye daftari la mgonjwa wa viungo: umekula nini jana, umemeza dawa gani mwezi huu, na tumbo lako likoje.